Runinga ya Watu Wawili

Kampuni ya kompyuta ilipoamua kuingia kwenye burudani za nyumbani, Mwanaheri na wenzake waliambiwa wabuni runinga ya miaka ishirini ijayo. Wenzake walileta miwani ya sinema na spika za kumnong'oneza kila mtu wimbo wake. Yeye aliweka mezani kioo kipana chenye vishikio viwili, kimoja kila upande.

"Mbona haiwaki?" aliuliza mkurugenzi, Bwana Kilindo, akiwa ameshika kishikio kimoja.

"Inataka watu wawili, bosi."

"Na anayeishi peke yake?"

"Atamwita jirani."

Watu walicheka. Bwana Kilindo hakucheka. Alimwambia kwa upole aondoe kishikio kimoja, la sivyo atafute kazi kwingine.

Mwanaheri alikumbuka chakula cha jana nyumbani kwake. Mumewe na wanawe watatu walikuwa wameinamia simu zao, naye aliuliza swali moja mara tatu bila kujibiwa.

Alivua kitambulisho shingoni, akakilaza mezani.

"Siondoi kitu," alisema. "Mkiitaka, mtaichukua hivi hivi ilivyo."

Alifika mlangoni, akageuka. Mkurugenzi alikuwa bado hajaachia kishikio. Na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, alikuwa ameweka kalamu chini na kunyoosha mkono kuelekea kishikio cha upande wa pili.