Kata ya Kwanza

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono binti yangu Kabibi alipochota tembo la mnazi la posa yake na kuinuka.

Kwetu Matsangoni, washenga hawajibiwi kwa maneno matupu. Binti akikubali kuolewa, humpa baba yake kata ya kwanza ya mnazi, ndipo wengine wanywe.

Mkono wangu una vidole vitatu. Viwili vilisagwa chini ya reli huko Mackinnon Road, mwaka aliozaliwa yeye. Kwa miaka thelathini na sita nilikaza reli kati ya Mazeras na Voi, nikilala kambini, ili wanangu wasome na walale kwenye nyumba ya mabati. Nyumbani nilikuja Krismasi, na Krismasi nyingine sikuja. Nyufa za reli ile nilizijua moja moja. Meno ya mtoto huyu yaling'oka lini, sikuambiwa.

Alikuja taratibu, kata imejaa hadi ukingoni, wala hakumwaga hata tone.

Akanipita.

Alipiga magoti mbele ya mdogo wangu, yule aliyebaki nyumbani akilima mahindi. Mdogo wangu aliutazama mkono wangu, ambao bado ulikuwa hewani. Sikujua niurudishe vipi.

"Mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini, "mpe babako."

Kabibi hakugeuka.

"Ndiye ninayempa," alisema. "Kunywa, baba. Wageni wanangoja."