Lakiri na Pampu Mpya

Salha, msimamizi wa maji wa mji, alisimama kati ya pampu mpya na mkaguzi wa jimbo. Pampu ya zamani ilipoungua, serikali kuu ilileta hii, naye akaipokea bila kungoja kibali cha jimbo kama sheria inavyotaka. Sasa mkaguzi, Bwana Mkumbukwa, alikuwa amewasha mshumaa na kuanza kuyeyusha lakiri nyekundu, nta ya muhuri wa kuifungia.

"Izime, dada. Siwezi kupiga muhuri mashine inayozunguka, na mimi siruhusiwi kuigusa."

"Tangi la hospitali kule kilimani halijafika hata nusu, kaka. Ngoja lijae."

"Waliokupa hiyo pampu, unajua watadai nini kesho?"

"Sijui," alisema Salha. Kweli hakujua, na jambo hilo lilikuwa likimnyima usingizi.

Akina mama waliopanga ndoo nje walikuwa wakisikia yote. "Mkaguzi!" mmoja akapaza sauti. "Ukimaliza hapo, uje utufunge na makoo, tusisikie kiu!" Wenzake wakaangua kicheko.

Mkumbukwa hakucheka. Alitazama mkono wa Salha uliokuwa juu ya swichi, ukitetemeka pamoja na mashine. Angeweza kuita askari aliyekuwa getini, lakini hakumwita. Alibaki ameshika kijiti cha lakiri juu ya moto, nayo ikaanza kudondoka sakafuni, tone baada ya tone, bila yeye kurudia amri. Salha hakuizima. Aliyasikia maji yakipanda ndani ya bomba, taratibu, kuelekea kilimani.