Mkwe Kutoka Kilima cha Pili

Bi Sikudhani alikuwa pimbi ajuza, mkuu wa kilima cha mawe, na alijivunia damu ya ukoo wake kuliko kitu chochote. Pimbi wote wa kilima kile walitokana na babu mmoja na walioana wao kwa wao. Kila mwaka watoto walizaliwa na macho mabovu zaidi, na tai akawanyakua kama anayeokota kokoto.

Siku moja pimbi mwekundu, Chengo, alivuka mbuga kutoka kilima cha pili, akaja kumposa Kadzo, mjukuu wa bibi.

"Utatuharibia mbegu!" bibi alimfokea.

"Shikamoo, bibi," Chengo alijibu. "Mimi nimempenda Kadzo tu."

Kadzo hakungoja ruhusa. Wakaoana, wakazaa watoto wekundu watatu, na bibi akawageuzia kisogo.

Asubuhi moja bibi alikuwa akiota jua. Kitukuu wake mwekundu akapiga kelele: "Bibi, tai! Ingia ndani!"

Bibi hakuona kitu angani, lakini alijitupa ndani ya ufa wa mwamba. Papo hapo kivuli kikafagia juu yake.

"Umemwonaje akiwa mbali vile?" aliuliza.

"Kwani wewe hukumwona, bibi?"

Siku ileile bibi akawaita vijana wote. "Nendeni mkapose katika vilima vya ng'ambo," aliwaambia, "na wa huko waje kwetu."

Mvua zilipokwisha, mgeni wa kwanza alitokea mbugani, mchovu na mwenye wasiwasi. Bi Sikudhani alishuka mwenyewe kumpokea.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Mbona umechelewa hivi?"