Kozi ya Miezi Minane

Mwashamba alikuwa mpiga chapa wa mahakama, na bosi wake alishasema: kompyuta itaandika yenyewe, atakayebaki ni anayejua kuifundisha. Ofisi ingemlipia kozi moja tu ya akili mnemba mtandaoni, na usajili ungefungwa saa sita mchana. Zilibaki dakika nne.

"Chukua ya wiki sita, shoga. Cheti ni cheti," alihimiza Zamda, mwenzake wa meza ya pili.

"Hiyo inafundisha kuitumia tu. Kuifundisha kumo kwenye hii ya miezi minane."

"Ina hesabu! Na wewe hesabu zilikushinda kidato cha pili."

Mwashamba alivuta kompyuta karibu. Akabonyeza ya miezi minane. Swali la kwanza la hesabu likatokea, limejaa herufi na namba. Mwashamba akavua viatu chini ya meza, akaomba penseli.