Simu ya Bibi Inakwama

"Mama Pacha, hebu niangalizie hii simu. Inakwama mno."

Mama Pacha aliacha vitunguu nusu nusu kwenye ubao, akajifuta mikono. Tangu jana alikuwa anaiwinda simu hiyo ya mama mkwe wake. Alijaribu Bibi alipoingia kuoga, kumbe Bibi huoga na simu yake, anaiweka dirishani. Alijaribu Bibi alipojinyoosha mchana, akaikuta chini ya mto. Leo inaletwa yenyewe mpaka jikoni!

Kisa kilikuwa hiki. Jana asubuhi Mama Pacha alijifungia chumbani akamrekodia dada yake ujumbe wa sauti, akatoa yote ya moyoni. "Dada, huyu mama alikuja kwa wiki moja, sasa amehamia. Sebule inanuka dawa yake ya kuchua mpaka wageni wanauliza. Masufuria yangu yote ameyapanga anavyotaka yeye. Nimechoka kumchekea. Siku akiondoka nitafanya sherehe." Akatuma. Ndipo akaona ametuma kwa nani.

Mama Mkwe.

Na hapo akaharibu zaidi. Kwa kiwewe, badala ya kubonyeza "futa kwa wote", akabonyeza "futa kwangu". Ujumbe ukatoweka kwenye simu yake, ukabaki kwa Bibi. Hata kujua kama umesikilizwa hakuweza tena. Wakati huo huo Bibi alikuwa sebuleni, anawapigia pacha sare zao pasi huku akiimba.

Aibu aliyoipata, we acha tu. Chakula hakikupita. Kila Bibi alipoita "mwanangu," alijifanya anatafuta kitu kabatini. Akiusikia ule ujumbe, nyumba hii itakalikaje? Mume wake angeweza kusamehe mengi, lakini si kutukaniwa mama yake.

"Inakwamaje, mama?" aliuliza.

"Nikiigusa inaganda. Picha hazifunguki. Sauti nyingine hazishuki kabisa. Mtu akinipigia, mpaka niweze kupokea keshakata."

Sauti hazishuki! Mama Pacha nusura apige magoti pale pale.

"Lete niipeleke kwa fundi, mama," mume wake alidakia kutoka kwenye kochi sebuleni, macho kwenye mpira.

"Koma hapo hapo. Mara ya mwisho ulinifutia namba za watu wote, nikabaki na yako na ya zimamoto. Na fundi simtaki, mafundi wanapekua mambo ya watu. Ataifanya Mama Pacha, peke yake." Bibi akamgeukia mkwe wake. "Futa chochote unachoona hakifai, mwanangu. Mimi sitakuuliza."

Kisha akamwinua mwanawe kwenye kochi, mpira ukiwa katikati, akamtuma dukani. Yeye mwenyewe akatoka uani kuanua nguo.

Mama Pacha hakwenda kwenye ule ujumbe moja kwa moja. Alianza na kazi halali, ili akiulizwa awe na jibu. Hifadhi ilikuwa imejaa pomoni. Alikuta picha za maua za kutakiana asubuhi njema, mamia kwa mamia. Video ileile ya paka imehifadhiwa kila alipotumiwa. Programu tatu za tochi, na simu ina tochi yake! Akafuta, akafuta.

Halafu akajikuta kwenye picha. Ni yeye mwenyewe, amelala kwenye kochi mdomo wazi, pacha wamemlalia mapajani. Hakujua kama aliwahi kupigwa picha hiyo. Bibi alikuwa ameituma kwa rafiki zake, chini yake ameandika: "Mkwe wangu huyo. Anachoka sana, maskini, na halalamiki."

Halalamiki! Uso ulimwaka mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ubao wa vitunguu juu yake.

Akaufikia ujumbe. Hakuutazama sana, aliogopa hata kuugusa vibaya usije ukaanza kuropoka. Akabonyeza kufuta. Simu ikaganda. Nje, vibanio vya nguo vilikuwa vinadondoka kwenye ndoo, kimoja kimoja, halafu vikaacha. Kandambili zikaanza kuja. "Jamani, jamani," alinong'ona. Simu ikazinduka. Ujumbe ukaondoka.

Akaizima, akaiwasha. Ikawaka upesi, nyepesi kama imenunuliwa leo. Alifikiria kumwambia Bibi ukweli na kuomba radhi. Alifikiria tu.

Bibi aliingia na rundo la nguo begani, akaipokea simu, akagusa hapa, akagusa pale. "Eh! Inateleza! Mungu akubariki, mwanangu. Akupe unachokitaka."

"Amina, mama." Ile baraka ilimchoma kuliko tusi. Akarudi kwenye ubao, akainamia vitunguu asionekane uso.

Bibi aliweka nguo kwenye kiti, akachungulia sebuleni kama mwanawe amerudi. Hajarudi. Akamsogelea mkwe wake, akashusha sauti.

"Na ile sauti yako, umeifuta?"

Kisu kikasimama.

"Tangu jana nahangaika kuifuta mwenyewe, simu inakwama. Na wifi zako wanafika kesho, wale simu yangu ndiyo mchezo wao. Sitaki waisikie."