Sauti Ndani ya Kompyuta

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Manyunyu yalianza alfajiri, na hadi saa nne asubuhi yalikuwa hayajaamua kama yawe mvua au yakome.

Fundi alivua viatu mlangoni, kando ya viatu vingine vingi. Sebuleni watu walikaa wamebanana. Maua meupe yalisimama ndani ya ndoo. Mchungaji, katika suti nyeusi, alikuwa akiibia kutazama saa yake. Fundi akashusha sauti, kama mtu aingiapo nyumba ya msiba.

"Pole sana, dada," alimwambia mwanamke aliyempigia simu.

"Ahsante. Pole nimepewa mwaka mzima, kaka, hadi kapu limejaa." Alimwingiza jikoni, akamwonyesha kompyuta mezani. "Sauti yake imo humu. Alijirekodi neno moja moja, alipojua ugonjwa hautamwacha. Leo lazima isikike, watu wakiwepo."

Fundi akaiwasha. Maandishi meupe yaliteremka kwenye kioo cheusi, yakakwama njiani.

"Ilianza lini?"

"Jana niliiacha ijisasishe, ili leo isitusumbue. Ikiwa katikati..." Akamtazama shangazi yake aliyekuwa akiosha vikombe.

"Niliichomoa nichomeke birika, betri ikaisha," shangazi alisema bila kugeuka. "Wageni wanywe maji ya bomba? Mashine gani hiyo, ukiinyima umeme kidogo inasusa kama mke mwenza."

Kisha alijifuta macho kwa kiwiko.

"Mchungaji hawezi kumsemea?" Fundi aliuliza polepole.

"Haya hayasemewi, kaka. Mchungaji asipoyasikia kutoka kwake, haanzi. Na mambo haya hayangoji Jumamosi nyingine."

Fundi alikuwa amemzika mkewe bila neno la mwisho. Aliijua njaa ya sauti. Akainamisha kichwa. "Bwana, vidole ni vyangu, kazi ni yako."

Linux, mfumo ulioendesha kompyuta ile, ina wema mmoja: ikipewa kiini kipya cha kuiwasha mashine, haikitupi cha zamani, hukiweka nyuma. Kiini kipya kilikatiwa umeme kikiwa nusu. Fundi akazima, akawasha huku ameshikilia kitufe, na kabla mashine haijakimbilia kipya, akaichagulia cha zamani.

Maandishi yakateremka. Yakafika pale yalipokwama. Yakapita.

Mwanamke aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Ichukue wewe, kaka, unifuate," alisema hatimaye. "Ikikwama tena, uwe karibu."

Fundi aliipeleka chumba cha ndani, kilichonuka dawa. Watu wa sebuleni wakainuka, wakaingia nyuma yao, wakakizunguka kitanda. Shangazi aliwapa nafasi, kisha akaegemea ukuta. Mwanamke aliisogeza kompyuta juu ya kimeza cha kitandani, akaushika mkono mwembamba uliolala juu ya shuka. Mkono haukumshika. Mchungaji akafungua kitabu chake.

Mtu aliyelala pale akafumbua macho, akayatembeza taratibu juu ya kioo, herufi baada ya herufi, na kompyuta ikayafuata. Kisha sauti ya kiume, nzima, isiyo na ugonjwa, ikatoka kwenye kompyuta:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, ninamchukua huyu awe mke wangu, na nitampenda siku zote nilizobakiwa nazo."