Nyuzi za Matrida

Shemeji yake hakubisha hodi. Aliusukuma mlango kwa teke, akampita Matrida kitandani kama anayepita gunia la mihogo, akamkamata nywele binti aliyekuwa akikoroga uji na kumbwaga chini. Sufuria ikapinduka.

"Huyu anarudi kwao leo, na ng'ombe wa marehemu kaka wanakuja bomani kwangu," alisema. "Wewe lala. Kidonda chako bado kibichi."

Ng'ombe hawakuwa wa marehemu. Matrida, mjane asiye na mtoto wa kiume, aliwatoa mwenyewe mahari kumuoa binti huyo kwa desturi ya nyumba ntobhu, mwanamke kuoa mwanamke, amzalie watoto wa kurithi mji wake. Tangu Matrida arudi Butiama kutoka kupasuliwa ngiri Musoma, binti ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Daktari alisema asiinue hata ndoo ya maji.

Shemeji akampiga binti teke la tumbo, tumbo ambalo lilikuwa limeanza kuonekana.

Matrida akainuka. Aliusikia uzi wa kwanza wa kidonda ukikatika aliposhika mchi wa kinu, na wa pili alipounyanyua juu ya kichwa. Akaushusha kwa nguvu zake zote. Shemeji alianguka kifudifudi kwenye uji, damu ikimtoka sikioni.

"Nilikuwaga namwogopa," Matrida alisema. Kitenge chake kilikuwa kikiloa damu kuanzia kinenani.

Binti alijikokota hadi miguuni pake. "Mama, nyuzi zako."

"Zitashonwa."

Mkono wa shemeji ulianza kupapasa sakafu. Matrida akaunyanyua mchi tena.

"Funga mlango."